Ukipanda Timau kuwaona ndugu wa ranchini

Safari ya kwenda kuwaona ndugu wa Timau, kwenye mteremko wa Mlima Kenya, wale ambao mara ya mwisho mlionana kwenye matanga miaka kumi na tano iliyopita, huharibikia Nairobi. Mmekubaliana kuondoka saa kumi na moja alfajiri, halafu gari linatoka mtaani saa nne. Hizo saa tano mtazilipa kule juu, kwa matope.

Asubuhi Mlima Kenya huwa wazi. Ikifika saa sita mawingu yameshaufunika, na mvua ya msimu hupenda kunyesha alasiri. Nairobi hadi Nanyuki ni kama kilomita 200, saa tatu na nusu hadi nne ukipitia Thika, Sagana, Karatina na Naro Moru. Timau iko kilomita kama 20 mbele, kwenye barabara ya Meru. Hadi hapo ni lami na hakuna tabu. Tabu ni kipande cha mwisho, kutoka lami hadi lango la ranchi: murram, yaani changarawe nyekundu isiyo na lami, yenye makorongo, na upande wa tambarare udongo mweusi unaonata. Udongo huo ukilowa hujaza meno ya tairi hadi gurudumu linakuwa laini kama chupa, na gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele tu hukaa hapohapo likilia. Kipande hicho kipite kabla ya saa nane mchana. Ukishanasa usiendelee kukanyaga mafuta, unachimba kaburi la gari. Punguza upepo wa tairi, safisha matope kwa panga, tandika matawi mbele ya magurudumu, kisha toka polepole kwa gia ya pili.

Sababu nyingine ya kuwahi ni ng'ombe. Kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja jioni watu wanakamua. Mgeni anayeingia wakati huo hukuta nyumba haina mtu, au humtoa baba mkubwa kwenye kazi isiyongoja. Fika saa tano au saa sita, kunywa chai, salimia, halafu wao waende kukamua na wewe ufuate nyuma umevaa gambuti. Salamu nyingi za kweli hutokea hapo zizini kuliko sebuleni.

Asiye na gari atapata matatu za Nanyuki katikati ya jiji, upande wa River Road, kisha matatu ya Timau au Meru, kisha boda. Treni ya Nanyuki ilirudi mwaka 2020 na ni safari nzuri kwa macho, ila ni ya mwendo wa pole. Ukiichagua, lala Nanyuki na upande asubuhi yake.

Simu ipigwe wiki mbili kabla, na ipigiwe mkubwa wa boma kwanza, hata kama binamu wa rika lako ndiye unayeongea naye WhatsApp kila siku. Mzee akisikia habari ya ujio wako kwa kijana wake, tayari umekosea adabu. Muulize siku ya josho, kwa sababu siku hiyo hakuna anayekaa. Ng'ombe huogeshwa kila wiki kuua kupe wanaoleta ndigana kali. Uliza kama eneo limewekewa karantini ya mifugo. Uliza mvua. Na uliza kwa upole nani ametangulia mbele ya haki tangu mlipoonana. Hilo la mwisho watu huliogopa, lakini kumuulizia shosho (bibi) aliyezikwa miaka sita iliyopita, mbele ya watoto wake, ni aibu inayokumbukwa. Ukijua mapema, pole yako inatolewa mwanzo wa ziara, kaburini ikibidi.

Kuna swali moja la kuacha kabisa: "Mna ng'ombe wangapi?" Ni sawa na kumuuliza mtu wa Nairobi ana pesa ngapi benki. Sifia ndama, uliza jina la ng'ombe, nyamaza kuhusu idadi.

Zawadi zifuate hali ya hewa. Kule juu kuna viazi, karoti, kabichi na njegere hadi watu wamechoka. Hakuna ndizi wala maembe, maana baridi haiyaruhusu. Basi nunua nanasi ukipita Thika na ndizi njiani, ongeza sukari kilo kumi, majani ya chai, mchele, mafuta ya kupikia na unga wa ngano. Kwa wazee, blanketi zito hushinda shuka za maua. Pakia kwenye vikapu au magunia, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017. Mbuzi usimbebe kutoka Nairobi. Kumhamisha mnyama kunahitaji kibali cha daktari wa mifugo, na unaweza kuwaletea ugonjwa. Mtumie binamu pesa amnunue kwa jirani.

Kuhusu magonjwa, mtu wa mjini hajui kwamba viatu vyake ni mzigo. Aliyepita machinjioni Kiamaiko au Dagoretti, huko Nairobi, kununua nyama anaweza kubeba virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo kwenye soli. Abadilishe viatu. Ukikuta beseni la dawa langoni kanyaga ndani, usiliruke. Kama halipo na kuna ugonjwa jirani, soda ya kufulia gramu 400 kwa lita 10 za maji hufanya kazi, mradi viatu vimesuguliwa matope kwanza, kwa kuwa dawa haipenyi kinyesi.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na ranchi za juu ya Timau hupita mita 2,500. Tegemea baridi zaidi kwa nyuzi tano hivi, na usiku wa Julai ni mkali zaidi ya hapo. Maji huchemka kwenye nyuzi kama 91 au 92, ndiyo sababu maharage hayaivi na mpishi wa mjini anadhani ni ya zamani. Loweka usiku kucha. Kichwa kikiuma siku ya kwanza, kunywa maji na usipande kilima kwa haraka. Watoto wapewe maziwa yaliyochemka hadi yakapanda sufuriani, hata kama babu anasema yeye amekunywa mabichi maisha yake yote. Bruselosi, ugonjwa unaoletwa na maziwa mabichi, haujali ukoo.

Halafu uzio. Kati ya msitu wa Mlima Kenya na Ngare Ndare kuna njia ya ndovu, ambayo tangu 2011 wanapita hata chini ya barabara kuu. Ndiyo maana mashamba mengi huko yana waya wa umeme. Umeme wake huja kwa mapigo mafupi ya volti elfu kadhaa. Hauui mtu mzima mwenye afya, lakini unaangusha. Kwenye lango shika mpini wa plastiki tu, na ukishapita rudisha ndoano mahali pake. Usiku usitoke kwenda choo cha nje bila taa na bila kuuliza.

Lala siku mbili. Siku moja ni ya mbuzi na wazee, ya pili ndiyo ya kuongea. Wakati wa kurudi utapakiwa gunia la viazi; lifunike, jua huvigeuza kijani na vikawa sumu. Karoti zisioshwe kabla ya safari. Nyama iliyochinjwa bomani haina muhuri wa mkaguzi, kwa hiyo iliwe hukohuko. Maziwa yachemshwe jioni, yapoe kwa baridi ya usiku na yatiwe kwenye mkebe wa alumini. Jerikani la plastiki lina mikwaruzo inayoficha vijidudu, na maziwa yatakuwa yameganda ukifika Sagana. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, na ukifika Nairobi yachemshe tena kabla hata ya kushusha viazi.