Siku moja na kulabu: kuwatoa nyoka majumbani Iringa

Saa 12 asubuhi. Iringa bado ina baridi na nyoka hajatoka kuota jua, kwa hiyo huu ni muda wa vifaa. Kulabu ya nondo, urefu wa mita 1.2. Ndoo ya lita 20 yenye kifuniko cha kuzungusha, matundu yake yametobolewa kutoka ndani kwenda nje ili kingo zisimchune nyoka. Bomba la PVC la inchi 4, urefu wa mita moja, mdomo mmoja umevishwa mfuko wa pamba na kukazwa kwa mpira wa baiskeli. Kila mshono wa mfuko navuta kwa nguvu. Kisha napiga simu mbili: kwa afisa wanyamapori wa wilaya, na hospitali kuuliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo leo. Isipokuwepo, naulizia hospitali nyingine kabla ya kugusa kulabu.

Saa 3 na nusu. Jua limepanda, simu zinaanza. Ya kwanza ni ya mtaa wa Ipogolo, rundo la matofali nyuma ya jiko. Siulizi ni nyoka gani, maana kwa mwenye hofu kila nyoka ni koboko. Nauliza kama bado anaonekana. Mtu mmoja asimame mita 5 asimwondolee macho, watoto na mbwa waingie ndani. "Na mama, naomba msimwage mafuta ya taa." Mafuta humsukuma ndani zaidi, na kazi ya dakika kumi inaishia kubomoa sakafu.

Saa 4. Kamwene, kamwene, salamu ya Kihehe, halafu kazi. Ni kifutu: mnene, mfupi, mzito wa kutambaa lakini mwepesi mno wa kuuma. Matofali yanaondolewa moja moja kuanzia juu, kwa kulabu, si kwa vidole. Ndoo inalazwa ubavu kando ya ukuta, inafunikwa kitenge cheusi, mdomo unabaki wazi. Nikimgusa taratibu karibu na mkia, anatafuta giza na kuingia mwenyewe. Ndoo inasimamishwa kwa kulabu, kifuniko kinasukumwa kwa fimbo kabla mkono haujakaribia.

Wengi hupenda kumbana shingo. Ni kosa kubwa. Meno ya kifutu ni marefu na huweza kugeuka pembeni hadi kwenye kidole kilichomshika. Nyoka aliyebanwa hupigana. Aliyeonyeshwa shimo huondoka.

Saa 6 mchana. Swila ndani ya stoo ya mahindi, amefuata panya. Hapa miwani ya kuziba macho pande zote ni lazima, kwa sababu hurusha sumu mita 2 na zaidi. Mdomo wa bomba unawekwa pale ukuta unapokutana na sakafu, njia anayoipenda. Akishapita hadi mfukoni, shingo ya mfuko inabanwa chini kwa kulabu, inasokotwa, ndipo inafungwa. Mfuko haubebwi ukigusa mguu; meno hupita kitambaa.

Sumu ikiingia jichoni, ni maji safi tele kwa dakika 15 hadi 20 bila kusugua, kisha hospitali. Akiuma: vua pete, tuliza kiungo kwa gango (kipande cha ubao kinachokizuia kisicheze), ondokeni. Msichanje, msifunge kamba, na msipoteze muda na jiwe la nyoka.

Saa 9 alasiri. Kuachia. Ndoo haikuachwa juani hata kidogo. Joto humuua upesi. Natafuta mawe na vichaka visivyo na nyumba wala shamba, ikiwezekana ndani ya kilomita moja. Akipelekwa mbali hana shimo analolijua, hutangatanga hadi afe. Wala sisubiri jioni: baridi ikishuka hawezi kutambaa kujificha.

Saa 2 usiku. Simu nyingine, Kihesa, nyoka yuko chumbani. Anayepiga aambiwe: toka, funga mlango, ziba upenyo wa chini kwa blanketi. Taa iwake, mtu alinde nje.