Umeshafika kwa Yabesi?

Juni 1998 nilikuwa kidato cha pili, na nilikuwa nimeazimia kuimaliza Biblia nzima kabla mwaka haujaisha. Hesabu nilipewa kwenye darasa la kipaimara: sura ni 1,189, ukisoma tatu kila siku na tano kila Jumapili, mwaka unatosha. Nikachora jedwali nyuma ya daftari la hisabati, kila sura na kisanduku chake, nikawa natia vema kwa wino mwekundu. Mitihani ikanirudisha nyuma. Tulipofunga shule nilikuwa bado niko 1 Mambo ya Nyakati, wakati jedwali lilinitaka niwe nimeshaingia Zaburi.

Aliyewahi kukisoma kitabu hicho anajua sura tisa za mwanzo zilivyo. Majina matupu. Fulani akamzaa fulani, ukurasa baada ya ukurasa.

Likizo ile mimi na mama tulikwenda kwa babu, Tukuyu, kumsaidia kuvuna maharage. Juni kule ni baridi ya kuuma mifupa. Ukungu unashuka kutoka mlima Rungwe tangu alasiri, na watu wote wanahamia jikoni. Babu alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Biblia yake ya Union Version, ile ya jalada jeusi, ilikuwa imelala kabatini muda mrefu bila msomaji, kwa hiyo jioni ya kwanza tu akanikabidhi. Nikafurahi. Niliona nitasoma kwa sauti huku najaza visanduku vyangu.

Siku ya tatu nikaanza kuruka. Nilisoma mstari wa kwanza wa sura, nikadaka majina mawili matatu katikati, nikamalizia na wa mwisho. Babu alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono ameielekeza motoni, haoni kitu. Nikafunga sura ya nne nikafungua ya tano.

"Umeshafika kwa Yabesi?" akauliza.

"Nimeshampita, Babu."

"Aliomba nini?"

Sikuwa na jibu. Kuni zililia motoni, mimi nimeinamia kitabu, masikio yananiwaka. Kumdanganya mzee asiyeona, tena juu ya Biblia! Babu hakupandisha sauti. "Rudi, mjukuu wangu. Anza mwanzo wa sura. Na usimwache mtu."

Nikaanza: Wana wa Yuda, Peresi, na Hesroni, na Karmi, na Huri, na Shobali. Babu alikuwa analirudia kila jina kwa kunong'ona, polepole, kama mtu anayeitikia salamu. Yeye hakuwahi kuwa na jedwali. Alikulia kwenye kile kitabu kidogo cha Wamoraviani, Wakristo wa Kanisa la Moravian, chenye neno la kila siku, desturi iliyotoka Herrnhut, Ujerumani, ambako kilichapwa mara ya kwanza kwa mwaka 1731. Mstari mmoja aliondoka nao asubuhi shambani, jioni akarudi nao.

Mstari wa tisa nikamkuta Yabesi, katikati ya majina yale, mtu mmoja tu ambaye habari yake inasimuliwa. Mama yake alimpa jina hilo kwa kuwa alimzaa kwa huzuni. Wa kumi ukawa sala yake: "Lau kwamba ungenibariki kweli kweli, na kunizidishia hozi yangu..." Nikaacha kusoma.

"Hozi ni nini, Babu?"

"Ni mali uliyo nayo mkononi, ardhi yako. Anaomba Mungu amsogezee mpaka wa shamba."

Nilipoinamia tena ndipo nikaona, pembeni mwa mstari ule, maandishi ya penseli yaliyofifia kwa moshi na kushikwashikwa. *Tabu, 1961.*

Tabu ni mama yangu. Nilikuwa nikijua kwamba alizaliwa wiki waliyomzika kaka yake mkubwa. Jambo hilo nyumbani halikuzungumzwa sana. Sikuwa najua ni nani aliyempa jina.

"Ni mimi," babu akasema, hata kabla sijauliza. Alijua nimefika wapi. "Nilikuwa na uchungu. Baadaye nikakutana na huyu Yabesi, nikasema basi, mwanangu naye ataombewa hivi hivi. Nimemwombea mpaka leo."

Mama aliingia wakati huo na mzigo wa kuni, nywele zimelowa ukungu. Sijui alikuwa amesimama mlangoni tangu lini. Alizitua kuni taratibu pembeni ya mafiga, akavuta mkeka, akaketi karibu na magoti ya baba yake.

"Nisomee hapo," akaniambia.

Nikasoma hadi mwisho, pale Mungu alipomjalia hayo aliyoyaomba. Babu akasema, "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa. Mama akanyamaza kidogo, akanyoosha kidole akakiweka juu ya ile penseli.

"Soma tena," akasema.