Maji Baridi

Kijana wa Kijerumani aliyekuwa akikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu alimwamkia mzee mmoja barazani, "Mambo vipi, bibi?" Mtaa mzima ukaangua kicheko, na mzee mwenyewe akaagiza kijana aletewe chapati. Siku hiyohiyo mimi niliingia dukani nikasema, "Nipe mkate." Muuza duka akaniangalia, akaniuliza taratibu nimegombana na nani huko nitokako.

Nilikuwa na miaka 22, nimetoka Nakuru, nimekuja Dar es Salaam kujitolea miezi sita kwenye chekechea moja ya Temeke. Shirika lililotuleta lilitufanyia semina ya siku mbili. Wazungu walifundishwa kusalimia, kula kwa mkono na kupiga hodi. Mimi nilisinzia. Kiswahili si nilikuwa nacho? Sekondari nilikipata B ya kujumlisha. Nilijiona niko nyumbani tangu basi liliposhuka Ubungo, enzi hizo stendi ikiwa bado haijahamia Mbezi, na wapiga debe wakanivamia kwa lugha ninayoielewa.

Wiki ya kwanza tu nikagundua kwamba kuielewa ni jambo moja. Mama mwenyeji wangu aliniuliza nikipendacho: "Mboga gani unapenda, mwanangu?" Kwetu mboga ni majani. Nikajibu kwa moyo mkunjufu kwamba napenda sukuma, na mchicha pia. Siku tatu mfululizo wenzangu walikula changu wa nazi, mimi nikiwekewa bakuli langu la mchicha pembeni, kwa heshima zote, kwa kuwa mgeni amesema mwenyewe. Siku ya nne nikasikia mmoja wa mabinti akiuliza, "Leo mboga nini?" na mama yake akajibu, "Nyama." Hapo ndipo nilipoelewa, nikala ugali wangu kwa uchungu.

Mzungu akikosea, watu wanamwonea huruma, anajifunza. Mkenya akikosea, ana kiburi. Maana anajua, ila hataki. Hicho ndicho kilichokuwa kikinitesa. Mama akiniita kutoka uani, naitika "Nini?" kama tunavyoitikana kwetu, naye ananyamaza kimya cha kuuma. Ni mtoto wake wa mwisho, wa darasa la tatu, aliyenivuta pembeni akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, mama akikuita sema abee. Nini wanasemaga wahuni."

Tulikaa Tandika, kwenye nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, uani kuna jiko, choo na mwembe mmoja mkubwa. Mama alikuwa mjane, anauza mitumba ya watoto sokoni. Baba yake, Babu wetu sote, alistaafu bandarini na sasa kazi yake ilikuwa redio ya betri na mkeka chini ya mwembe. Walikuwepo mabinti wawili wa sekondari, ambao nililala nao chumba kimoja, na huyo mwalimu wangu wa darasa la tatu.

Ilikuwa Agosti 2011, mwezi wa Ramadhani, na mwaka wa mgao. Waliokuwepo Dar wakati ule hawahitaji kuelezwa. Kina cha bwawa la Mtera kilikuwa kimeshuka, umeme unakatika asubuhi unarudi usiku, jenereta za maduka zinanguruma mchana kutwa. Babu ndiye aliyenifahamisha kwamba umeme ukikatika na maji yanakwenda, kwa sababu maji mengi ya jiji yanatoka mto Ruvu, mkoani Pwani, na bila pampu hayapandi kuja kwetu. Bomba la mtaani lilikuwa limekauka siku ya nne. Yaliyobaki ni ya visima, na visima vya mtaa wetu vilikuwa vya chumvi. Ukinywa, unaongeza kiu. Ya kunywa tulinunua kwa vijana wa mikokoteni, dumu kwa dumu, na bei ilikuwa ikipanda kila tukilala tukiamka.

Haya yote nilielezwa baadaye. Jumamosi ile nilichojua ni kwamba nina rundo la nguo chafu.

Mama alikuwa mlangoni anajifunga khanga yake ya pili, anaelekea sokoni na mabinti. Akanigeukia. "Ukitaka kufua, fua tu. Ila maji baridi usiyaguse, ya futari hayo."

"Sawa, Mama."

Nikaenda uani. Chini ya mwembe kulikuwa na pipa la bluu, limejaa pomoni. Nikatumbukiza mkono. Baridi! Baridi kama asubuhi ya Nakuru mwezi wa saba. Nikautoa mkono upesi, nikafunika pipa vizuri, nikaweka na jiwe juu ya mfuniko. Upande wa pili, ukutani, yalikuwa yamepangwa madumu manne ya njano, yaliyoletwa na kijana wa mkokoteni asubuhi na kuachwa palepale juani. Nikayashika tumboni. Vuguvugu. Nikayanusa, safi. Nikajipongeza kwa usikivu wangu; safari hii hakuna atakayesema Mkenya hasikii.

Sasa, tangu nifike Dar sabuni ilikuwa ikinikatalia povu. Unasugua mche mzima, beseni linabaki na utando wa kijivu kama supu iliyolala. Nilikuwa nimeshamwandikia dada yangu kwamba sabuni za huku ni hafifu. Lakini siku ile, loo! Povu lilijaa beseni likamwagika miguuni. Nikanogewa. Nilipomaliza za kwangu nikachukua sare za mabinti. Nikachukua na mashuka ya Mama yaliyokuwa kwenye tenga la nguo chafu. Nikasuuza mara mbili, za rangi nikasuuza mara tatu. Babu alikuwa amelala kwenye mkeka wake, redio inamsomea habari. Kufikia saa saba kamba zote mbili za uani zilikuwa zimelemewa, na mimi nimekaa kibarazani nawasubiri wenyewe waje waone.

Walirudi saa kumi, midomo imewakauka. Mama alikuwa na mihogo, nazi tatu na samaki kwenye gazeti. Akaona nguo.

"Nimefua na mashuka yako, Mama," nikasema.

"Ahsante, mwanangu. Mungu akubariki." Akapita. Akafika ukutani, akanyanyua dumu la kwanza kwa mkono mmoja, likaja juu kama karatasi. Akanyanyua la pili. La tatu. La nne lilikuwa limebaki nusu. Akasimama pale amelishika.

"Umefulia haya?"

"Ndiyo. Maji baridi sijagusa." Nikamwonyesha pipa na jiwe lake. "Yako palepale."

Akaliangalia pipa. Akaniangalia mimi. "Hayo ya pipa ni maji ya chumvi."

"Ni baridi, Mama. Nimeyashika."

"Maji baridi ndiyo haya!" Akalitikisa dumu. "Ya kunywa! Yasiyo na chumvi!"

"Haya yalikuwa vuguvugu," nikasema, na nilivyolisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu nikatamani ardhi inimeze.

Chini ya mwembe Babu akazima redio. Kwanza nilidhani anakohoa. Mwili wote ulikuwa unamtikisika, machozi yanamtoka. "Mtoto hana kosa," akasema alipoweza kusema. "Umemwambia ya baridi asiguse, kagusa ya moto."

Mama hakucheka. "Baba, utafuturu kwa povu?"

Ningalipewa nafasi ya kurudi Nakuru dakika ile ningalikwenda kwa miguu. Mimi sikuwa nimefunga. Mchana ule nilikuwa nimekunywa uji ambao mama huyu, mwenye saumu yake, aliamka kunipikia na kunifunikia na kawa. Wao hawakuwa wametia tone mdomoni tangu daku.

Lakini Mama hakuwa mtu wa kupoteza muda kwa hasira. Akaanza kupiga hesabu palepale: mihogo itachemkia maji ya pipa, chumvi asitie mtu, nusu dumu ni ya uji na ya kufungulia; ya chai, ya kunywa usiku na ya daku hakuna. Kijana wa mkokoteni hapatikani saa hizi. "Chukueni madumu, wewe na mdogo wako. Zungukeni."

Wewe na mdogo wako. Nililishika neno hilo njia nzima.

Nyumba ya kwanza hawakuwa nayo. Ya pili nikafungua mdomo, "Hodi, tunataka maji…" na kidole kidogo kikanifinya kiunoni. Tulipotoka, mikono mitupu, mwalimu wangu akasimama katikati ya njia.

"Dada, wewe nyamaza. Utabeba tu. Kusema nitasema mimi."

Nyumba ya tano ilikuwa na tenki juu ya mnara. Akatoka mama mtu mzima, ushungi kichwani, mkononi ana mwiko. Mtoto akashusha dumu lake, akainamisha kichwa. "Shikamoo, bibi. Mama anakusalimu sana, na saumu yako anaiulizia. Tunaomba maji baridi ya futari, kidogo tu utakachojaliwa. Huyu dada yetu ni Mkenya, maji yote kayafulia, alijua maji baridi ni yenye ubaridi."

Yule mama akashika ukuta. Alicheka mpaka mwiko ukamdondoka, akaanza kumwomba Mungu asimharibie saumu. Kisha akachukua dumu langu, akalipeleka bombani mwenyewe. Lilipojaa akanigeukia, uso ameukaza.

"Na wewe, la kwako nikupe la baridi au la vuguvugu?"

"Naomba lolote, mama," nikasema. "Shikamoo."

"Marahaba." Akajaza na la mtoto.

Dumu la lita ishirini kwetu hubebwa mgongoni kwa kamba. Kamba sikuwa nayo, na kichwani sijui. Nililiburuta mikono yote miwili, nikilitua kila hatua kumi, mwenzangu anakimbia mbele anarudi, "Fanya haraka, Dada, wataadhini!" Jua lilikuwa linazama nyuma ya mabati. Tulivuka kizingiti na adhana ya Magharibi ikaanza, kwanza msikiti wa sokoni, halafu mingine yote kwa pamoja.

Tulikaa mkekani uani kwa mwanga wa chemli. Tende, uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi ambayo, niseme ukweli, chumvi ilikuwa imeikolea kuliko siku zote. Mama akampa Babu glasi ya kwanza, akawapa watoto, akaja kwangu. Nikasema mimi sina kiu.

"Kunywa," akasema. "Usinitie dhambi."

Nikanywa. Babu akaniuliza yana joto kiasi gani. Mabinti wakajiinamia.

Kufikia Jumatatu habari ilikuwa imenitangulia chekechea. Watoto walisimama wote, wakaimba, "Good morning, Mwalimu Vuguvugu." Jina hilo nililichukua mpaka siku ya kuondoka, na hata sasa binti mkubwa akinipigia simu huanza nalo.

Lakini usiku ule wa Jumamosi nililala mapema, nikageukia ukuta. Mabinti walishasinzia. Umeme ulikuwa haujarudi, nyumba kimya, feni imesimama. Nikasikia kitanda cha Mama kikilia ng'ambo ya korido, akijigeuza upande huu, akijigeuza upande ule. Mlango wake ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, na wetu pia.

"Wewe Mkenya."

"Abee, Mama."

Akakaa kidogo.

"Mashuka haya," akasema gizani. "Laini."