Dar hadi Mwanza kwa Saa Moja na Nusu

Kaka alipiga saa 4 usiku: mama amelazwa hospitali ya Bugando, Mwanza. Nilikuwa Mbagala, Dar, na hesabu ya kwanza iliyonijia ilikuwa ya basi. Nikiondoka stendi ya Mbezi saa 12 asubuhi, naingia stendi ya Nyegezi, Mwanza, usiku mnene. Siku nzima mama akiwa kitandani na mimi nikiwa bado Manyoni! Nikakata tiketi ya ndege kwenye simu usiku uleule.

Njia ya basi naijua kama uwanja wa nyumbani: Chalinze, Morogoro, Gairo, Kibaigwa na magunia yake ya mahindi, Dodoma, Manyoni, Singida wanakouza kuku, mteremko wa Sekenke, Igunga, Nzega, Tinde, Shinyanga. Ni zaidi ya kilomita 1,100. Barabara inakwenda kwanza magharibi, sambamba na Reli ya Kati mpaka Manyoni, ndipo inapogeuka kupanda kaskazini. Ndege haina haja na kona hiyo. Kwa mstari ulionyooka, Dar na Mwanza zimeachana kilomita 850 hivi.

Tuliruka saa 12. Nilikaa dirishani upande wa kushoto, pembeni ya mzee mmoja aliyeitikia shikamoo yangu kisha akafumba macho. Mji uliisha mara moja. Nilitafuta Morogoro kwa mazoea, lakini ilikuwa mbali kusini. Chini yetu ilikuwa nyika ya Kiteto, kavu, ya rangi ya kahawia, na njia za ng'ombe zikikutana kwenye malambo. Katika safari zangu zote za nyumbani sikuwahi kuipita nchi hiyo.

Baada ya kama dakika hamsini mlima ukatokea peke yake juu ya tambarare. Mzee akafumbua macho, akainama kuelekea dirishani.

"Hanang," akasema. "Kwetu ni Katesh, pale chini."

Nikakumbuka Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka mlima ule na kuua watu zaidi ya themanini. Nikampa pole. Akaipokea kwa kichwa tu, akaendelea kutazama hadi bawa lilipouficha mlima. Kwenye basi, safari ya siku nzima ingenipa nafasi ya kumsikiliza mtu kama yule. Hapa zilibaki dakika arobaini tu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimejaa mawazo ya mama.

Kisha mawe ya Usukumani, kisha ziwa, jeupe kwa jua la asubuhi. Uwanja wa Mwanza uko kandokando ya maji, kiasi kwamba unadhani magurudumu yatagusa ziwa kabla ya lami. Saa 1 na nusu tulikuwa chini.

Toka nilipofunga mlango Mbagala saa 9 usiku, mpaka teksi ilipomaliza kupanda kilima cha Bugando, zilikuwa zimepita saa sita kasorobo. Angani nilikaa robo tu ya muda huo.

Kaka alinipokea getini, akanishika mkono mpaka wodini. Mama alikuwa macho, amekonda, dripu mkononi. Aliniangalia, akaangalia dirisha lenye jua, akaniangalia tena.

"Mwanangu, mbona basi limewahi hivi? Mmelala njiani?"

Nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikamshika mguu.


"Hapana mama. Nimekuja kwa ndege."