Kilomita 135 kwa Ajili ya Mjomba
Jana jioni niliwasili Bowness-on-Solway, kijiji cha kaskazini mwa Uingereza, nikiwa nimetembea kilomita 135 kwa siku saba kutoka Wallsend, kandokando ya ukuta ulioanza kujengwa mwaka 122 kwa amri ya Kaisari Hadrian wa Roma, ili kuchangisha fedha za kuwasaidia wagonjwa wa Parkinson. Mjomba wangu anaishi na maradhi haya, ambayo hupunguza ubongoni dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, hadi mikono ikatetemeka na miguu ikagoma ghafla, kana kwamba imenata sakafuni. Siku ya nne, malengelenge yaliponilazimisha kuburuta nyayo kwa hatua fupifupi, nilijiona nikitembea kama yeye, ila malengelenge yangu yatapona. Nilipompigia simu, aliuliza kwanza kama nimekula. Michango bado inapokelewa. Mliokwisha kutoa, ahsanteni sana.