Nahodha Aliyeungama Mbele ya Wenzake

Neno la wiki: "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." (Yakobo 5:16)

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii kila nikiusoma mstari huu namkumbuka Tony Adams, beki wa kati wa Arsenal na timu ya taifa ya Uingereza. Vijana wetu wanaovaa jezi za Arsenal pengine wanaijua sanamu yake tu, ile iliyosimamishwa nje ya uwanja wa Emirates mwaka 2011. Alianza kuichezea timu ya wakubwa mwaka 1983 akiwa na miaka 17. Akiwa na miaka 21 akapewa unahodha, akabaki nao mpaka alipostaafu mwaka 2002. Klabu ni hiyohiyo moja, tangu mwanzo hadi mwisho.

Na sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa mlevi. Desemba 1990 alihukumiwa kifungo cha miezi minne kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Akatumikia kama miwili, akarudi uwanjani, na msimu huohuo Arsenal ikachukua ubingwa. Hapo ndipo panaponiumiza. Kama angeshuka kiwango, labda watu wangeshtuka. Lakini timu ilikuwa inashinda! Mwaka 1993 akanyanyua Kombe la FA na Kombe la Ligi, mwaka 1994 Kombe la Washindi la Ulaya, huku pombe ikimmaliza ndani kwa ndani. Makofi ya mashabiki yalimficha. Daudi naye alikuwa na taji kichwani, lakini ndiye aliyeandika: "Niliponyamaza mifupa yangu ilichakaa" (Zaburi 32:3).

Mwishoni mwa 1994 mchezaji mwenzake, Paul Merson, alijitokeza hadharani akakiri kutekwa na pombe, kokeini na kamari. Nahodha wake akaendelea kunyamaza. Ikaja Euro 96, yaani mashindano ya mataifa ya Ulaya ya mwaka 1996, Adams akaiongoza Uingereza hadi nusu fainali, wakatolewa na Ujerumani kwa penalti, naye akarudi kwenye chupa. Agosti akaacha. Septemba akasimama mbele ya wachezaji wenzake akawaambia kwamba yeye ni mlevi.

Tazameni alisema lini. Alikuwa na wiki chache tu bila pombe, hana ushindi wowote wa kuonyesha. Sisi kanisani tumezoea ushuhuda wa mambo yaliyokwisha: nilikuwa mlevi, nilikuwa mzinzi, Bwana akanitoa. Tunapiga vigelegele, na ni haki, Mungu atukuzwe. Ila Yakobo anaanza na kuungama, kisha kuombeana, ndipo uponyaji. Kwetu mtu anatakiwa apone kwanza ndipo apewe kipaza sauti, na kwa hiyo mzee wa kanisa, mwanakwaya, hata mchungaji, anaugua peke yake huku akihudumu vizuri kila Jumapili.

Simleti Adams kama mhubiri. Namleta kwa sababu baada ya kusema hakunyang'anywa kitambaa cha unahodha. Kocha Arsène Wenger, aliyefika msimu huo, alimwacha aendelee kuongoza, na Arsenal ikachukua ligi na Kombe la FA kwa pamoja mwaka 1998, na tena 2002. Kabla hajastaafu, mwaka 2000, alianzisha Sporting Chance, kituo cha kuwasaidia wanamichezo waliotekwa na ulevi na kamari.

Naomba basi, katika ibada zetu za nyumba kwa nyumba wiki hii, tutenge muda kwa aliye bado katikati ya vita. Asilazimishwe mtu. Na atakayesema, maneno yake yaishie pale sebuleni. Aliyeungama Jumatano asije akakutana na habari zake mlangoni mwa kanisa Jumapili. Tuwaombee hasa viongozi wetu, ambao wengi wetu hatujawahi kuwauliza wanaendeleaje tukakaa kusubiri jibu.