Kuchemsha Maji Hakuondoi Risasi

Wengi wetu tumelelewa tukijua maji yakichemka yamekuwa salama. Kwa kipindupindu na homa ya matumbo, ni kweli kabisa. Ila ukipanga nyumba ya zamani Chicago, hatari kubwa ni bomba la risasi (metali yenye sumu, kwa Kiingereza "lead") linaloleta maji kutoka barabarani, na risasi haifi kwa moto kama kijidudu. Maji yanapungua kwa mvuke, risasi inabaki, kwa hiyo kila lita iliyosalia sufuriani ina risasi nyingi kuliko mwanzo.

Chicago iliendelea kulaza mabomba hayo mpaka 1986, sheria ya Marekani ilipoyakataza. Nyumba iliyojengwa kabla ya hapo, ishuku. Shuka chini ya nyumba, tafuta bomba linapoingilia karibu na mita ya maji, ulikwangue kidogo kwa sarafu. Likiwa laini, likang'aa kama fedha na sumaku haishiki, ni risasi. Rangi ya kahawia-nyekundu ni shaba. Sumaku ikishika ni chuma, nacho kinaweza kuwa kimehifadhi risasi katika kutu yake. Nawa mikono ukimaliza.

Kwenye chujio ndiko watu wanakopoteza pesa. Soma boksi: lazima liwe na NSF/ANSI 53, namba ya kiwango cha ubora wa machujio, pamoja na neno "lead". Namba 42 peke yake ni ya ladha na harufu ya klorini tu, na majagi mengi ya bei rahisi yanaishia hapo. Mtambo wa kufungwa chini ya sinki unaosukuma maji kwenye utando uwe na namba 58. Badilisha katriji kwa wakati ulioandikwa, kwa sababu iliyochoka hupitisha risasi huku maji yakionekana safi vilevile. Usipitishe maji ya moto kwenye chujio la bombani, yanaliharibu.

Maji ya moto ya bomba huyeyusha risasi zaidi, basi uji, chai na ugali vianze na maji baridi yaliyochujwa. Maziwa ya kopo ya mtoto mchanga ndiyo ya kuangaliwa kuliko yote, maana kwa mtoto hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Jiji likitangaza maji yachemshwe, chuja kwanza ndipo uchemshe.

Maji yakilala usiku kucha ndani ya bomba, yafungulie baridi dakika tano au zaidi kabla ya kunywa. Kuoga au kufua kwanza kunasaidia. Fungua pia kiwavu kilicho mdomoni mwa bomba, ukioshe kila mwezi, kwani vipande vya risasi hunasa humo. Mafundi wakichimba barabara mbele ya nyumba, kioshe mara tu wakimaliza: mtikisiko hubandua risasi.

Chicago, piga 311, namba ya huduma za jiji, uombe vifaa vya kupima bure. Chupa ya kwanza ijazwe maji yaliyotulia angalau saa sita, bila kuyamwaga kwanza. Majibu mazuri ya mara moja yasikufanye uache chujio, kwani kiwango hupanda na kushuka. Na mtoto aliyekwisha kunywa maji hayo, mwombe daktari ampime risasi kwenye damu.